Ibara ya Saba, kwa Kitetum

Mwaka ule Dili umeme ulikuwa wa saa sita kwa siku,
nasi tulikuwa na nchi yenye miaka mitatu
na rasimu yenye kurasa tisini na moja.
Mimi, Olandina, karani mfasiri,
nilipewa kiti cha miguu mitatu na tofali,
nikaambiwa: itie sheria hii katika lugha ya mama yako.

Mama yangu hana neno la mrabaha.
Ana neno la fungu analoachiwa mwenye shamba
mpunga ukishavunwa,
na neno la nyati anayepelekwa ukweni.
Nikaazima la kwanza. Likapwaya.
Nikajaribu la pili. Wapiga chapa wakacheka.

"Gharama zinazorejeshwa" zilinila siku mbili.
Nilivyoelewa, ni hivi:
mgeni anakuja kuchimba kisima uani kwako,
anakula, anaandika alichokula,
analala, anaandika alivyolala.
Siku ya tatu humpi jembe.
Jembe ni lake, na kodi ya jembe unalipa wewe.
Kisima kikitoa, anajilipa kwanza chakula na usingizi,
kisha mnagawana kinachobaki.
Wakili wetu, Zeferino, alisoma, akavua miwani.
"Usiandike hivyo," akasema.
"Ingawa ndivyo."

Rasimu ya Jumatano ilisema
gharama halali na zilizothibitishwa.
Ya Ijumaa: halali au zilizothibitishwa.
Herufi mbili zimetoka, mbili zimeingia,
mstari haukurefuka hata kwa unywele.
Nikaibeba mlango kwa mlango.
Mlango wa tatu wakaniuliza
nani aliniruhusu kulinganisha.
Jumatatu "na" ilikuwa imerudi.
Sikuambiwa nani aliirudisha, wala nani aliing'oa,
ila tangu siku ile najua
nchi yaweza kuuzwa kwa kiunganishi.

Kisha kusini, saa tisa ndani ya lori,
hadi vijiji vya nyuma ya Suai,
tukaisoma kwa kipaza sauti cha kanisa.
Ibara ya saba:
Mafuta yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri.
Watu wakapiga makofi.
Walikuwa wamezika wengi kwa ajili ya neno Jamhuri.

Aquilino Bere hakupiga.
Alinishika mkono, akanipitisha nyuma ya banda la nguruwe,
pale ardhi inapotoa jasho jeusi,
tone, kiputo, tone,
na maji ya mvua yamevaa rangi za shingo ya njiwa.
Babu yake alikinga kwa mianzi.
Miaka ya kujificha milimani, taa yao ilikuwa hii.
"Haya yako chini, au yako juu?"
Nikasema, yalikuwa chini.
"Sikuyachimba. Yamekuja yenyewe.
Nikijaza chupa, nimeiba?"
Nikafungua ukurasa wa fasili.
Palikuwa na mkandarasi, kitalu, kichwa cha kisima,
siku ya kazi, pipa.
Chupa haikuwamo.

Usiku ule, kwa mwanga wake wenye moshi,
niliongeza sentensi moja, katika Kitetum peke yake:
Kinachotoka chenyewe, kwa kadiri ya taa ya nyumba,
ni cha nyumba.
Hakuna aliyeniagiza. Kwa Kireno haimo.
Bunge likapitisha zote mbili asubuhi moja, kabla ya kahawa.

Sasa wamekuja vijana wa helmeti nyeupe,
wamepigilia vigingi vyekundu hadi bandani.
Aquilino ameutundika ukurasa ule mlangoni,
ndani ya plastiki ya mkate,
na kila anayepita na kipimo anasomewa,
polepole, kidole chini ya kila neno.
Wanatikisa kichwa kwa adabu. Hawajui Kitetum.

Amenialika Jumapili, atachinja jogoo.
Sijui nitakaaje mezani pake.
Maana ibara ya mwisho niliipiga chapa mimi,
kwa vidole hivi hivi, bila kosa hata moja:
Iwapo lugha hizi mbili zitatofautiana,
Kireno ndicho kitakachofuatwa.